Mkono uliotoka nje ya fremu

Mpwa wangu alikuwa ameketi mlangoni anajaribu kuvaa viatu mwenyewe. Alikataa kusaidiwa. Kiatu cha kulia alikitia mguu wa kushoto, akawa anakisukuma kwa nguvu zake zote, ulimi nje, kidevu kimegusa goti. Mwanga wa asubuhi uliingia kwa ubavuni ukaugawa uso wake nusu kwa nusu.

Mezani nilikuwa na kamera mbili. Nilichukua ya kwanza, nikapiga picha kadhaa, nikairudisha. Nikachukua ya pili nikaendelea.

Jioni nilizifungua picha zile kwenye kompyuta. Dada yangu, mama wa mtoto, alisimama nyuma ya kiti changu akiangalia. Za kamera ya kwanza alizipita bila kusema neno. Kwenye za kamera ya pili akanishika bega nisiendelee. Mtoto ni yuleyule, kiatu ni kilekile, mwanga ni uleule, ila ukingo wa kushoto wa picha umeingia mkono mdogo. Ni wa mdogo wake, ambaye bado anatambaa. Uso wake hauonekani, wala mwili. Ni mkono tu, vidole vimefunguka, unakaribia kukishika kisigino cha dada mtu.

"Hii umeipiga na kamera gani, kaka?"

Nikamwonyesha.

"Sasa ile nyingine ni ya nini?"

Alicheka akaenda zake. Mimi swali lile sikuliacha. Nililala nalo, nikaamka nalo, nikazunguka nalo wiki baada ya wiki, kwa sababu ile nyingine ndiyo kamera ambayo karibu kila anayezijua angeiita bora.

## Sensa ni ileile

Kamera ya kwanza ni Fujifilm X-T3, iliyotoka mwaka 2018. Ya pili ni X100V ya mwaka 2020. Kwa anayefuatilia mambo haya, majina hayo mawili yanatosha kueleza kwa nini ulinganisho wenyewe ulinivutia: ndani yake zinafanana kiasi kwamba mabishano mengi ya kawaida hayana pa kushika. Sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga mahali pa filamu, ni ileile ya megapikseli 26. Prosesa ni ileile. Hata betri ni ileile, naitoa kwenye moja naitia kwenye nyingine. Kwenye X-T3 mara nyingi nafunga lenzi ya milimita 23 yenye uwazi wa f/2 (kipimo cha mwanga inaoweza kupitisha), na X100V imejengwa na lenzi ya milimita 23 yenye f/2 isiyobandulika. Kwa ukubwa wa sensa hizi, zote mbili zinaona upana ambao kwenye filamu ya zamani ungeupata kwa lenzi ya milimita 35.

Nikichanganya picha zao kwenye folda moja na kuficha majina ya faili, sizijui kwa rangi wala kwa ukali wa mistari.

Uzito unatofautiana, lakini si kwa kiasi cha kubadilisha maisha. X100V ina gramu 478. X-T3 ina gramu 539 bila lenzi, na lenzi ile inaongeza 180. Hakuna kati ya hizo inayoingia vizuri mfuko wa suruali. Zote zinaning'inia begani.

Kilichobaki ni umbo. Moja, X-T3, ina nundu katikati, juu ya lenzi, na jicho unaliweka hapo. Nyingine ni bapa juu, na kidirisha cha kutazamia kimewekwa pembeni kabisa, kona ya kushoto.

Nilitaka kujua kama umbo pekee linaweza kuleta mkono ule.

## Nundu ilitoka wapi

Nundu ina sababu yake. Kwenye kamera za aina ya Nikon F ya mwaka 1959, nyuma ya lenzi kulikaa kioo cha kuakisi, na juu yake prizimu iliyogeuza taswira ikae sawasawa mbele ya jicho. Nundu ilikuwa nyumba ya prizimu hiyo. Faida yake ilikuwa kubwa: ulichokiona kilipita kwenye lenzi yenyewe, kwa hiyo ukifunga lenzi fupi au ndefu, unaona kile ambacho filamu itaona.

X-T3 haina kioo cha kuakisi wala prizimu. Ndani ya nundu yake kuna skrini ndogo sana inayoonyesha kile ambacho sensa inapokea. Umbo limebaki kwa sababu jicho likikaa mstari mmoja na lenzi mkono unazoea haraka, na kwa sababu mle kuna nafasi ya kuweka skrini nzuri yenye ukuzaji mkubwa. Ukiitazama mara ya kwanza unashangaa. Ni kubwa, imezungukwa na giza, na dunia yote imekuwa mstatili mmoja unaong'aa.

Kamera bapa ina ukoo mwingine. Leica ilianza kuuzwa mwaka 1925, na ilipofika Leica M3 mwaka 1954 kidirisha chake cha pembeni kilikuwa na mistari myeupe ya fremu inayokuonyesha lenzi ya milimita 50, 90 au 135 itachukua wapi mpaka wapi. Hutazami kupitia lenzi. Unatazama moja kwa moja kupitia kioo kitupu, kama mtu yeyote dirishani, na mistari inakuambia picha itaishia wapi. Nje ya mistari dunia inaendelea.

X100 ya kwanza, iliyoingia sokoni mwaka 2011, ilifanya jambo ambalo bado naliona la ajabu: iliweka vyote viwili ndani ya kidirisha kimoja. Kuna kioo kitupu chenye mistari ya fremu, na kuna skrini ndogo. Mbele ya kamera kuna swichi ya kidole kimoja. Ukiisukuma, kioo kinazibwa na skrini inawaka. Ukiisukuma tena, dunia inarudi. X100V imerithi swichi hiyo.

Asubuhi ile swichi ilikuwa upande wa kioo.

Na hapo sehemu ya kwanza ya jibu ilijitokeza bila kutafutwa. Nilimwona mdogo mtu kabla hajafika. Alikuwa nje ya mstari wa kushoto, anatambaa, macho yake kwenye kile kisigino. Nilijua anakuja, nikangoja. Kwenye X-T3, dakika chache kabla, huenda alikuwa tayari ameshaanza safari yake, lakini ndani ya ule mstatili unaong'aa hakuwepo. Kile ambacho hakimo kwenye fremu, kwa kamera ya nundu, hakipo duniani.

Ningeweza kuishia hapo. Ni maelezo mazuri na ni ya kweli. Lakini picha zangu zingine hazikukubaliana nayo kikamilifu. Nyingi za X100V ninazozipenda hazina chochote kilichoingia kutoka pembeni. Mzee anamenya chungwa. Jirani anakunja shuka. Hakuna mkono, hakuna bahati, na bado zina kitu ambacho zile za X-T3 hazina.

## Jicho la kushoto

Wapenzi wa kamera bapa wana maelezo mengine, na utayakuta kila mahali. Wanasema kidirisha kikiwa kona ya kushoto, jicho la kulia linatazama ndani na jicho la kushoto linabaki huru nje ya kamera. Unaona fremu kwa jicho moja na unaiona dunia kwa jingine. Tena uso wako hauzibwi wote, kwa hiyo unayempiga picha anaendelea kumwona mtu, haoni mashine.

Nilimweleza dada yangu hayo. Alisikiliza, halafu akasema, "Hebu inua kamera kama unapiga." Nikainua. Akanipiga picha kwa simu na kunionyesha.

Uso wangu haukuwepo.

Mimi natazama kwa jicho la kushoto. Sijawahi kufikiria kwamba ni jambo la kuchagua. Ndivyo mkono unavyoipeleka kamera. Na kidirisha kikiwa kona ya kushoto huku jicho ni la kushoto, mwili mzima wa kamera unalala juu ya uso kuelekea kulia. Pua imebanwa kwenye skrini ya nyuma, jicho la kulia limefunikwa kabisa, mdomo unaonekana nusu. Nikainua X-T3, akapiga tena. Kwa sababu nundu iko katikati, sehemu ya jicho langu la kulia ilichungulia pembeni. Kwa mtu wa jicho langu, kamera bapa inaficha uso kuliko yenye nundu.

Kama hujui jicho lako, nyoosha mikono mbele, kutanisha viganja uache tundu dogo kati ya vidole, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo kwa macho yote mawili. Kisha fumba jicho moja, ufumbue, ufumbe jingine. Jicho ambalo likibaki peke yake kitu kinabaki ndani ya tundu, ndilo linaloongoza. Kwa watu wengi ni la kulia, na ndiyo maana ushauri ule unasambaa bila kupingwa: wengi wanaousoma wakijaribu wanaukuta kweli.

Kwangu uliporomoka palepale. Jicho huru halikuwepo. Uso wazi haukuwepo. Na picha zilikuwa zilezile, na tofauti yake ileile.

Hilo lilinifurahisha kuliko kunivunja moyo. Maelezo mawili makubwa, moja limepungua na jingine limeanguka, na jambo lenyewe bado limesimama.

## Swichi

Siku iliyofuata nilifanya jaribio ambalo nadhani ningepaswa kulianza mapema, kwa kuwa kamera yenyewe imelibeba mbele yake muda wote. Niliisukuma swichi ya X100V upande wa skrini nikaiacha huko. Kamera ileile, lenzi ileile, umbo bapa lilelile, shata (kilango kinachofunguka kupitisha mwanga) ileile tulivu, jicho lilelile la kushoto. Kilichobadilika ni kile nilichoonyeshwa.

Nilitembea nayo hivyo kila siku. Nilipiga ninavyopiga siku zote: watu wa nyumbani, njiani, mezani, mikono ikifanya kazi.

Zilipokusanyika nilizitandaza.

Zilikuwa picha za X-T3.

Nataka kueleza vizuri maana yake, kwa sababu hazikuwa mbaya. Zilikuwa safi. Mistari ya kuta imenyooka. Pembe nne hazina takataka. Mwanga umepimwa sawasawa, kivuli kina kina chake, anga halijaungua. Ukizitazama moja moja unazipa alama nzuri. Ukizitazama kwa pamoja unaona mpiga picha aliyekuwa na shughuli nyingi.

Kisha nikaenda upande wa pili. X-T3 ina mpangilio uliokusudiwa michezo: kamera inakata kingo za picha kwa kipimo cha 1.25, inabaki na megapikseli 16.6, na ndani ya nundu unaona mistari ya fremu huku eneo la nje likiendelea kuonekana. Ni kidirisha cha Leica kilichoigizwa kwa skrini. Nikakiwasha. Watu walianza kuingia kwenye fremu zangu kutoka pembeni, kama nilivyotarajia. Faida ya kuona nje ya mistari ilihama kamera bila taabu.

Lakini ile shughuli haikuondoka. Picha zilipata wageni, na mwenyeji bado alikuwa anapanga viti.

Kwa hiyo vilikuwa vitu viwili, na muda wote nilivichanganya. Cha kwanza ni kuona nje ya fremu. Cha pili kilinichukua muda kukitambua, na ndicho hasa kilichonifanya niandike.

## Picha inayofika mapema mno

Skrini ndogo ndani ya kidirisha inakuonyesha picha kabla hujaipiga. Ndiyo sifa yake kubwa, na inastahili sifa hiyo. Ukipunguza mwanga, unaona unapungua. Ukichagua nyeusi na nyeupe, unaiona dunia nyeusi na nyeupe. Uwazi wa lenzi ukiwa mkubwa, unaona mandharinyuma yakiyeyuka. Hakuna kubahatisha. Kile unachokiona ndicho utakachokipata.

Sasa fikiria kinachotokea kichwani. Mzee anasimulia jambo mezani. Nainua kamera, na mbele ya jicho langu hakuna tena mzee. Kuna picha ya mzee. Tayari ina rangi, ina kivuli, ina mpaka. Na picha inaomba kutengenezwa. Shavu limeng'aa kupita kiasi, basi kidole kinakwenda kwenye gurudumu la mwanga. Kikombe kimekatwa na ukingo, basi nasogea. Nguzo imeota nyuma ya kichwa chake, basi nainama. Kila hatua ni sahihi. Kila hatua inaiboresha picha. Na katika muda huohuo mzee ameinua mkono, ameshusha sauti, amemtazama mkewe na kutazama tena meza, na mimi nimeyaona yote kama mabadiliko ya mwanga.

Kioo kitupu hakinipi cha kutengeneza. Rangi ni za kawaida. Nyuma hakujayeyuka, kila kitu ni kikali kama macho yanavyokiona. Sijui shavu litang'aaje. Nilishalipima kabla ya kuinua kamera, au nimeiachia kamera. Kazi iliyobaki ni moja tu, kuamua lini. Na ili kuamua lini, inabidi nimtazame mzee. Nisikilize. Nijue simulizi limefika wapi.

Hapo ndipo tofauti ilipokaa. Kamera moja inaniletea picha mapema, nami naanza kuihariri wakati jambo lenyewe bado linatokea. Nyingine inachelewesha picha, nami nabaki na jambo.

Baada ya kulitambua hili niliona mengine yaliyokuwa yananipita. Niliona kwamba nikitumia skrini, kamera inakaa usoni mwangu muda mrefu, kwa sababu picha iliyo ndani yake inapendeza na sitaki kuiacha. Watu huona. Mazungumzo yanapungua kasi, mtu anarekebisha kola. Nikitumia kioo nainua nimechelewa na nashusha nimewahi, maana mle ndani hakuna kitu kizuri kuliko kilichoko nje. Hata mabega yangu yanakaa tofauti.

Niliona pia kwamba simu iko upande wa X-T3 katika jambo hili, tena imekwenda mbali zaidi. Inaonyesha picha iliyokamilika kwenye skrini pana, na mara tu ukipiga inakukaribisha uitazame. Ni chombo kizuri na ninakitumia. Lakini sasa naelewa kwa nini picha zangu za simu za mikusanyiko ya familia zinafanana na za X-T3 kuliko za X100V, ingawa kwa umbo simu haifanani na yoyote kati yake.

## Mashaka yangu

Sikuliamini jibu hili kwa urahisi, na bado kuna sehemu zake nazishika kwa tahadhari.

Shaka la kwanza lilikuwa shata. Shata ya X100V imo ndani ya lenzi na haisikiki kwa urahisi. Ya X-T3 iko mbele ya sensa na ina mlio wake. Huenda watu walitulia zaidi mbele ya kamera bapa kwa sababu hawakusikia kitu. Nikaiwekea X-T3 shata ya kielektroniki, ambayo haitoi sauti kabisa. Watu kweli walitulia. Ila nilipozitazama picha, ni wao waliotulia. Mimi nilikuwa bado nasogeza vikombe. (Shata hiyo nayo ina gharama yake: kitu kinachopita kwa kasi huonekana kimepinda, na chini ya taa fulani hutokea mistari mistari.)

Shaka la pili ni zito zaidi. Inawezekana naupenda mkono ule kwa sababu ni zawadi, na zawadi hupendwa kuliko kazi. Picha niliyoijenga kwa uangalifu najua kila msumari wake. Picha iliyonijia naiona kama mgeni anavyoiona. Dada yangu lakini hakuijenga yoyote kati ya zile, na ndiye aliyenishika bega. Kwa hiyo shaka hili naliacha lipumzike, silitupi.

La tatu linahusu kioo chenyewe, na hapa lazima niseme wazi, maana wapo wanaokitukuza mpaka wanawapotosha wengine. Kioo hakikuonyeshi fokasi, yaani kipi kitatoka kikali na kipi kitafifia. Kila kitu mle ni kikali, kilicholengwa na kisicholengwa, na ukitaka hakika unategemea kisanduku kidogo cha kulengea. X100V ina kidirisha kingine kidogo sana kwenye kona ya chini kinachokuza sehemu iliyolengwa, na kinasaidia, lakini kukitumia ni kurudi kwenye skrini kwa mlango wa nyuma. Kisha, kwa kuwa kioo hakipo mahali pa lenzi, kitu kilicho karibu huonekana sehemu tofauti na kitakapokaa kwenye picha. Ukibonyeza kitufe cha shata nusu, mistari inasogea kurekebisha. Kwa mtu aliye hatua tatu mbali hilo halina uzito. Kwa uso ulio karibu nawe, linakata nywele au kidevu. Na lenzi yenyewe inajitokeza ndani ya kioo ikaziba kipande cha pembe ya chini kulia.

Mistari yenyewe pia si ya kuapia. Inakupa makadirio. Ukitaka ukuta ukae sambamba na ukingo wa picha, au mlango ukae katikati kabisa, kioo kitakusumbua na skrini itakupa kwa mara moja.

Gizani, skrini inaongeza mwanga na kukuonyesha uso ambao jicho lako halioni. Kioo kinakuonyesha giza.

Na anayejifunza? Kwa miaka mingi watu walijifunza kupima mwanga kwa kupiga, kusubiri filamu isafishwe, na kukumbuka walichofanya. Skrini inakufundisha palepale. Unazungusha gurudumu, unaona matokeo. Simwambii mwanafunzi yeyote aiache. Mimi mwenyewe naweza kuliacha gurudumu kwa sababu skrini ilishanifundisha mwanga ukoje.

Sijataja hata lenzi za kubadilisha. X-T3 ikivaa ile ya milimita 18 hadi 55 inaweza kusimama mbali na kuleta karibu, au kusimama karibu na kuchukua chumba kizima. X100V ina upana mmoja. Hilo wengine wanaliita uhuru, na kwa siku nyingi nakubaliana nao. Kuna siku nyingine ambapo mtoto yuko jukwaani na wewe uko safu ya nyuma, na uhuru huo haukusaidii kitu.

## Tunayoipiga pamoja na inayotokea

Kilichonisaidia hatimaye kuzipatia kamera hizi nafasi zake ni kuacha kuuliza ipi inafaa maisha ya kila siku. Maisha ya kila siku yana picha za aina mbili, na nilikuwa nazitia kapu moja.

Kuna picha ambayo mimi na mtu tunaipiga pamoja. Ameketi, anajua, ametaka. Mama mkubwa anataka picha yake nzuri. Rafiki anahitaji ya kuweka kwenye maombi ya kazi. Hapo kutengeneza ndiyo heshima yenyewe. Anastahili mwanga uliopimwa, shingo iliyokaa vizuri, ukuta usio na waya nyuma. Kwa picha hiyo nachukua X-T3 na sioni kingine cha kuchukua. Skrini yake inaniruhusu kufanya kazi taratibu mbele yake, na kila ninachorekebisha ni kwa faida yake. Kadhalika vitu visivyokwenda popote: chumba, mti, meza baada ya watu kuondoka.

Na kuna picha inayotokea ikiwa mtu yupo wa kuiona. Haitaki kutengenezwa, inataka shahidi. Kwa hiyo X100V inakaa karibu na mlango, swichi upande wa kioo. Nimezima pia ile tabia ya kamera kuonyesha picha baada ya kupigwa. Hilo ningemshauri mtu yeyote, kwa kamera yoyote, kabla hajafikiria kununua nyingine, kwa sababu sekunde zile za kutazama ulichopiga ndizo sekunde ambazo jambo linaendelea bila wewe.

X-T3 nayo nimeibadilisha kidogo. Ina mpangilio unaokuwezesha kuzima madoido ya mwanga ndani ya nundu unapopima kwa mkono, skrini ikakuonyesha dunia yenye mwanga wa kawaida bila kujali picha itatokaje. Nikiuwasha, zile hamu za kurekebisha zinapungua, ingawa haziishi. Nikiongeza na ile fremu ya michezo, naweza kukaribia sana hisia ya kioo. Mtu mwenye kamera ya nundu asiyetaka kununua kitu kingine aanzie hapo.

Dada yangu alitaka kamera yake. Tulifanya kwanza jaribio la viganja; yeye ni wa jicho la kulia, kwa hiyo kila sifa ya kamera bapa ambayo kwangu haikufanya kazi, kwake ingefanya. Nilidhani ataichukua. Aliishika, akaipenda, kisha akasema anachotaka ni kuwaona wanawe wakiwa mbali uwanjani, na anataka kujua palepale kwamba picha imetoka. Akachagua yenye nundu na lenzi ya kuvuta. Sikumbishia. Alijua anachokitafuta, na nimeona alichokwishapiga uwanjani: kamera yangu bapa isingekifikia.

Kama na wewe uko katikati ya hizi mbili, usilinganishe faili zao kwenye kompyuta, utapoteza jioni yako. Shika moja, weka jicho, mwombe mtu atembee taratibu kutoka pembeni kuelekea mbele yako huku mwingine akikusimulia jambo lolote. Angalia umemwona wa pembeni lini. Kisha shusha kamera na umrudie msimuliaji, umwambie alikuwa anasema nini. Fanya hivyohivyo na ya pili.